Namna ya Kuchambua Ukuaji wa Hifadhi ya Jamii katika Nchi Mpya za Viwanda

Anayetaka kueleza jinsi Korea Kusini, Taiwan, Brazil au Singapore zilivyojenga mifumo yake ya hifadhi ya jamii huanza, mara nyingi, kwa kukusanya sheria na kuzipanga kwa miaka. Kazi hiyo ni ya lazima, lakini ikiishia hapo haielezi kitu, kwa sababu karibu kila nchi ya kundi hili ilikuwa na sheria zinazopendeza kwenye karatasi miaka mingi kabla mzee wa kijijini au kibarua wa kiwandani hajaona senti moja ya mafao. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi, mwandishi wa habari au ofisa ustawi wa jamii anayetakiwa kuandaa uchambuzi wa nchi moja, au kulinganisha nchi mbili tatu. Njia inayopendekezwa humu ni kufuata jinsi watu walivyoingizwa katika mfumo, kundi baada ya kundi, na kuuliza kila mara kwa nini hawa waliingia kabla ya wale.

Weka mipaka ya kazi yako

Orodha ya nchi mpya za viwanda, yaani zile zilizojenga viwanda kwa kasi baada ya nchi tajiri kutangulia, haijawahi kutulia. Ripoti ya mwaka 1979 ya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi tajiri, ilizitaja nchi na maeneo 10: Brazil, Mexico, Hispania, Ureno, Ugiriki, Yugoslavia, Hong Kong, Korea Kusini, Singapore na Taiwan. Leo Yugoslavia haipo tena, Ugiriki ilijiunga na Jumuiya ya Ulaya mwaka 1981 na Hispania na Ureno mwaka 1986, huku waandishi wa baadaye wakiongeza Thailand, Malaysia, Uturuki, Afrika Kusini, China na India. Usipoteze kurasa kubishana ni nani anastahili jina hilo. Sema unafuata orodha gani, kisha endelea.

Jambo lenye uzito zaidi ni kuchagua nchi zilizopita njia tofauti za kiviwanda. Korea Kusini na Taiwan zilitegemea kuuza bidhaa nje, na muuzaji wa nje anayeshindana kwa bei hapendi gharama yoyote inayopandisha ujira, kwa hiyo mzigo wa kutunza wagonjwa na wazee uliachiwa familia na, kwa kiasi fulani, kampuni. Brazil na Mexico zilijenga viwanda vya kuuzia soko la ndani nyuma ya ukuta wa ushuru wa forodha, ambako mwajiri aliweza kuuhamishia mchango wake wa bima kwenye bei anayolipa mnunuzi, na ambako vyama vya wafanyakazi wa mijini vilikuwa nguzo ya watawala. Ukiziweka pamoja nchi mbili za njia hizi mbili, maswali yanajitokeza yenyewe. Ukichagua nchi mbili zinazofanana mno, utaishia kuandika maelezo yaleyale mara mbili.

Amua vilevile unachokiita hifadhi ya jamii. Inatosha kutenganisha mambo manne: bima inayotokana na michango, mfuko wa akiba ambamo kila mwanachama anapata alichoweka pamoja na riba, msaada unaotolewa kwa kaya maskini kutoka katika kodi, na huduma kama vile matibabu na nyumba za umma. Nchi inaweza kuwa mbele katika moja na nyuma kabisa katika jingine.

Tenganisha mwaka wa sheria na mwaka wa kinga

Chora jedwali lenye safu tano: mwaka sheria ilipopitishwa, mwaka utekelezaji ulipoanza, kundi lililoingia, kundi lililobaki nje, na anayelipa. Safu ya nne ndiyo ngumu kuijaza, kwa kuwa nyaraka za serikali husifu walioingia na hunyamaza kuhusu walioachwa, lakini ndiyo safu yenye faida kuliko zote.

Tuchukue bima ya afya ya Korea Kusini tuone jedwali linavyofanya kazi. Sheria ya kwanza ilipitishwa mwaka 1963, chini ya serikali ya kijeshi iliyotwaa madaraka mwaka 1961. Ilikuwa ya hiari, na bima ya hiari katika nchi maskini haipati wanachama wa kutosha. Kwa hiyo mstari wa kwanza wa jedwali una mwaka wa sheria lakini safu ya walioingia inakaribia kuwa tupu. Ulazima ulikuja mwaka 1977, tena kwa kampuni zenye wafanyakazi 500 au zaidi peke yake. Mwaka 1979 waliingia watumishi wa umma na walimu wa shule binafsi, kisha kiwango cha ukubwa wa kampuni kikawa kinashushwa hatua kwa hatua. Wakazi wa vijijini waliojiajiri waliingia mwaka 1988, na waliojiajiri mijini mwaka 1989. Kwa mama aliyekuwa akiuza mboga sokoni Seoul, basi, bima ya afya haikuanza mwaka 1963 wala 1977. Ilianza mwaka 1989, miaka 26 baada ya sheria. Hata hapo, wanachama walikuwa wametawanyika katika mamia ya vyama vya bima, na vyama hivyo viliunganishwa kuwa shirika moja la taifa mwaka 2000 tu.

Pensheni ya nchi hiyohiyo inafundisha zaidi. Sheria ilipitishwa mwaka 1973, bei ya mafuta ikapanda ghafla mwishoni mwa mwaka huo, na utekelezaji ukaahirishwa. Iliandikwa upya mwishoni mwa mwaka 1986 na kuanza Januari 1988 kwa maeneo ya kazi yenye watu 10 au zaidi, ikashuka hadi watu 5 mwaka 1992, ikawafikia wakulima na wavuvi mwaka 1995 na waliojiajiri mijini mwaka 1999. Sasa weka mtu halisi ndani ya jedwali. Mfanyakazi aliyezaliwa mwaka 1928 alikuwa na miaka 33 jeshi lilipotwaa madaraka, akafanya kazi katika miongo yote ya ukuaji ambao dunia iliuita muujiza, na alitimiza miaka 60, yaani umri wa pensheni wa wakati huo, mwaka uleule mfuko ulipofunguliwa. Pensheni kamili ilidai michango ya miaka 20, kwa hiyo wastaafu wa kwanza wa pensheni kamili walipatikana mwaka 2008. Kizazi kilichojenga viwanda kilipitwa na mfumo kwa sababu ya tarehe tu.

Ukiisha kuliona hilo, hutashangaa kwamba umaskini wa wazee nchini humo ulifikia takriban asilimia 40 katika miaka ya 2010, kiwango cha juu kuliko nchi nyingine zote za OECD, wala hutashangaa kwamba mwaka 2008 serikali ililazimika kuanzisha malipo ya uzeeni yanayotoka katika kodi, yakapanuliwa kuwa pensheni ya msingi mwaka 2014. Mchambuzi anayeorodhesha sheria peke yake atayaeleza malipo hayo kama ukarimu wa serikali, ilhali yalikuwa fidia ya kuchelewa.

Uliza nani alitangulia, na alikuwa na nguvu gani

Karibu kila mahali wa kwanza kulindwa si maskini kuliko wote. Korea Kusini ilianza na pensheni ya watumishi wa umma mwaka 1960, ikafuata ya wanajeshi. Taiwan ilianza na bima ya wafanyakazi mwaka 1950 na bima ya watumishi wa umma mwaka 1958, huku wakulima wakisubiri hadi miaka ya 1980. Sababu haijifichi: serikali hulinda kwanza watu ambao bila wao haitawaliki nchi, halafu wale wanaoweza kusimamisha uzalishaji.

Brazil ndiyo mfano ninaoupendekeza kwa yeyote anayetaka kuuona mpangilio huu waziwazi. Sheria ya mwaka 1923, inayojulikana kwa jina la mbunge Eloy Chaves, ilianzisha mifuko ya wafanyakazi wa reli, kampuni kwa kampuni. Reli ndizo zilizobeba kahawa hadi bandarini, na miaka michache nyuma, kuanzia mwaka 1917, nchi ilikuwa imetikiswa na migomo. Chini ya mtawala Getúlio Vargas, katika miaka ya 1930, mifuko ilipangwa upya kwa kazi: wafanyakazi wa majini mwaka 1933, kisha wa biashara, wa benki na wa viwanda. Hati iliyofungua mlango ilikuwa kitabu cha kazi, kilichoanzishwa mwaka 1932, ambacho mwajiri alipaswa kukitia saini. Mwenye kitabu chenye saini alikuwa mtu anayetambulika mbele ya daktari, mbele ya mahakama ya kazi na mbele ya dirisha la mafao. Asiye nacho alikuwa raia kwa jina. Mpaka leo Wabrazil wanapouliza kama kazi ni rasmi, huuliza kama kitabu kimesainiwa.

Mtu wa shambani aliachwa nje ya mpango huo kwa miongo kadhaa. Mwaka 1971, wakati wa utawala wa kijeshi, ulianzishwa mpango wa vijijini uliotoa nusu ya kima cha chini cha mshahara kwa wazee wenye miaka 65, tena kwa mkuu wa kaya tu, jambo lililomaanisha kwamba mwanamke aliyelima maisha yake yote kando ya mumewe hakuwa na fao lake mwenyewe. Katiba ya mwaka 1988 na sheria za mwaka 1991 zilizoitekeleza zilibadilisha mambo matatu kwa mpigo: malipo yakawa kima cha chini kizima, umri ukashuka hadi miaka 60 kwa wanaume na 55 kwa wanawake, na mwanamke akahesabika kwa jina lake. Kwa maoni yangu mabadiliko haya yanastahili nafasi kubwa kuliko Bolsa Família, mpango wa ruzuku kwa kaya maskini wa mwaka 2003, ambao huandikwa mno kwa kuwa ulipendwa na wafadhili na watafiti wa nje.

Fuata fedha kabla ya kuamini asilimia

Wachambuzi wengi hulinganisha nchi kwa kuangalia matumizi ya serikali katika ustawi wa jamii kama sehemu ya pato la taifa. Kipimo hicho kina manufaa, lakini Singapore inakivuruga. Mfuko Mkuu wa Akiba wa huko ulianzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1955, kwa mchango wa asilimia 5 ya mshahara kutoka kwa mfanyakazi na asilimia 5 kutoka kwa mwajiri. Mwaka 1968 wanachama waliruhusiwa kutumia akiba hiyo kununulia nyumba za umma, na mwaka 1984 ikatengwa akaunti ya matibabu. Mwaka huohuo mchango ulifikia asilimia 25 kwa kila upande, yaani nusu nzima ya mshahara. Fedha hizo ni za lazima kwa amri ya serikali, lakini kwa kuwa ni akiba za watu binafsi hazionekani katika bajeti kama matumizi ya ustawi. Anayesoma asilimia peke yake ataiona serikali bahili. Anayefuata fedha ataona kwamba takriban watu 8 kati ya wakazi 10 wanaishi katika nyumba zilizojengwa na chombo cha umma.

Usiishie kwenye sifa hiyo. Uchumi wa Singapore ulipodorora mwaka 1985, mchango wa mwajiri ulikatwa mwaka uliofuata kutoka asilimia 25 hadi 10 ili kupunguza gharama za kampuni. Akiba ya uzeeni iligeuzwa, kwa hatua moja, kuwa chombo cha kurekebisha ushindani wa biashara. Isitoshe, katika mfuko wa akiba hakuna kikokotoo kinachomwinua mwenye kipato kidogo: aliyelipwa kidogo anastaafu na kidogo. Andika mambo yote mawili, kwa maana mfumo huu husifiwa na kulaumiwa na watu wanaotazama upande mmoja tu.

Hong Kong inakumbusha kwamba huduma inaweza kutangulia fedha taslimu kwa mbali sana. Usiku wa Krismasi wa mwaka 1953 moto uliteketeza vibanda vya mtaa wa Shek Kip Mei na kuwaacha watu zaidi ya 50,000 bila makazi. Kuanzia mwaka 1954 serikali ilijenga majengo ya ghorofa ya kuwahamishia waathirika. Msaada wa fedha kwa maskini haukuja mpaka mwaka 1971, na mfuko wa lazima wa uzeeni ulianza Desemba 2000. Nyumba za kodi nafuu ziliwasaidia pia waajiri, kwani mfanyakazi asiyelipa kodi kubwa ya pango anaweza kuishi kwa ujira mdogo.

Pima siasa kwa tarehe

Maelezo yanayopendwa zaidi ni kwamba demokrasia ilileta ustawi. Yana ukweli mwingi. Taiwan iliondoa sheria ya kijeshi mwaka 1987, na bima ya afya ya taifa ikaanza Machi 1995, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi wa kwanza wa moja kwa moja wa rais. Kabla yake takriban asilimia 40 ya wananchi hawakuwa na bima yoyote. Katiba ya Brazil iliyotangaza afya kuwa haki ya wote na wajibu wa dola ilizaliwa baada ya wanajeshi kurudi kambini.

Lakini weka tarehe kando kwa kando kabla ya kuandika sentensi hiyo. Bima ya lazima ya Korea Kusini ya mwaka 1977 ilitoka katika utawala wa mkono wa chuma wa Park Chung-hee, na sheria ya pensheni iliandikwa upya miezi kadhaa kabla ya maandamano ya Juni 1987 yaliyowalazimisha watawala kukubali uchaguzi wa moja kwa moja. Vargas alikuwa dikteta alipopanua mifuko yake. Watawala wasiochaguliwa hutoa mafao pia, hasa wanapohitaji kuwatenganisha wafanyakazi wa mijini na wapinzani. Mara nyingi demokrasia ilipanua mduara hadi kwa waliojiajiri, wakulima na wanawake, ambao mtawala wa kimabavu hakuwa na haraka nao. Dai la namna hiyo linathibitika kwa jedwali lako. Dai la jumla halithibitiki.

Fanya vivyo hivyo na misukosuko ya uchumi, kwa kuwa msukosuko hauna mwelekeo wake wenyewe. Korea Kusini iliomba mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa mwishoni mwa mwaka 1997, na ukosefu wa ajira ukapanda hadi karibu asilimia 7 mwaka 1998. Mapema mwaka huo serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikaa meza moja: vyama vilikubali sheria ya kupunguza wafanyakazi, serikali ikaahidi kupanua kinga. Bima ya ajira, iliyoanza mwaka 1995 kwa maeneo ya kazi yenye watu 30 au zaidi, ilifunguliwa kwa maeneo yote kufikia Oktoba 1998. Mexico nayo ilipata msukosuko wa sarafu Desemba 1994, na jibu lake lilikuwa kuhamishia pensheni za sekta binafsi kwenye akaunti za mtu mmoja mmoja kuanzia Julai 1997, mwaka uleule ilipoanzisha ruzuku kwa kaya maskini za vijijini kwa sharti la watoto kwenda shule na kliniki. Tofauti hiyo usiieleze kwa utamaduni. Tazama nani alikuwa mezani na alikuwa na nini cha kubadilishana.

Soma masharti madogo

Kizuizi kikubwa hukaa katika kanuni, si katika kifungu cha kwanza cha sheria. Korea Kusini ilifuta sheria ya mwaka 1961 ya kuwasaidia wasiojiweza na kuanzisha, Oktoba 2000, mfumo unaompa kila mwenye kipato chini ya kiwango haki ya kudai msaada, hata kama ana nguvu za kufanya kazi. Hata hivyo kanuni ilibaki kwamba mwombaji mwenye watoto wanaohesabiwa kuwa na uwezo wa kumtunza hastahili, wawe wanamtunza au hawamtunzi. Mzee aliyetengana na mwanawe kwa miaka mingi alinyimwa kwa sababu ya mshahara wa mtu asiyempigia hata simu. Sharti hilo lilipunguzwa kwa awamu, na kwa msaada wa kujikimu liliondolewa kwa sehemu kubwa mwaka 2021.

Masharti ya kutafuta katika kila nchi ni yale yale: idadi ya chini ya wafanyakazi katika eneo la kazi, muda wa kuchangia kabla ya kustahili, ukaazi, uraia, na wajibu wa familia. Huko China, kwa mfano, usajili wa kaya kijijini au mjini umeamua kwa miongo mingi ni huduma gani mhamiaji anaweza kuipata katika jiji analofanyia kazi.

Kuwa mwangalifu vilevile na neno mwanachama katika takwimu. Aliyesajiliwa si lazima awe anachangia, na anayechangia leo huenda asitimize miaka inayotakiwa. Katika nchi zenye sekta isiyo rasmi kubwa, mtu huingia na kutoka katika ajira yenye mkataba mara kadhaa, na kila akitoka anarudi safu ya nne. Kwa sababu hiyo Mexico, iliyokuwa na taasisi ya bima kwa wafanyakazi wa sekta binafsi tangu mwaka 1943, ililazimika mwaka 2004 kufungua bima nyingine ya afya kwa wasio na ajira rasmi, ambayo nayo ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2019. Thailand ilichukua njia fupi zaidi: kuanzia mwaka 2001 iliwaweka wote waliokuwa nje katika mpango unaolipiwa na kodi, mgonjwa akichangia baht 30 kwa ziara.

Amua jedwali linaishia wapi

Mfumo hauna mwaka wa kukamilika, kwa hiyo taja mwaka unaoishia na ueleze kinachoendelea kubadilika. Katika Asia ya Mashariki kinachobadilika ni umri wa watu. Korea Kusini ilivuka asilimia 20 ya wakazi wenye miaka 65 au zaidi mwishoni mwa mwaka 2024, huku wastani wa watoto kwa mwanamke ukiwa 0.72 mwaka 2023. Pensheni yake ilipoanza iliahidi asilimia 70 ya mshahara wa wastani kwa aliyechangia miaka 40, kwa mchango wa asilimia 3. Ahadi ilipunguzwa mwaka 1998 na tena mwaka 2007, na mchango ukafika asilimia 9. Marekebisho ya mwaka 2025 yanaupandisha mchango kwa nusu asilimia kila mwaka kuanzia 2026 hadi ufike 13 mwaka 2033, na kuweka ahadi katika asilimia 43. Ongeza basi mstari mmoja chini ya jedwali kwa ajili ya kijana anayeanza kazi mwaka 2026: tayari yumo ndani ya mfumo, safu ya nne haimhusu, na kazi yako iliyobaki ni kujaza safu ya tano, kwa kukokotoa atachangia kiasi gani katika miaka 40 ukilinganisha na aliyeanza mwaka 1988.